Kuhesabu Siku kwa Kiswahili: Juma la Masomo katika Shule ya Msingi ya Kikatoliki, 1868–1970

Mtoto aliyeanza masomo katika shule ya misheni ya Kikatoliki, katika Tanganyika ya miaka ya 1930, alifundishwa mambo mawili yasiyopatana kabla hajamaliza juma lake la kwanza darasani. Katika kipindi cha dini aliambiwa kwamba Mungu aliumba ulimwengu kwa siku sita akapumzika siku ya saba, na kwamba Wakristo huitukuza siku ya kwanza ya juma kwa kuwa ndiyo siku aliyofufuka Bwana. Katika kipindi cha hesabu alifundishwa kwamba moja hutangulia mbili, na mbili hutangulia tatu. Lakini lugha aliyofundishiwa masomo yote mawili ilisema vingine. Kwa lugha hiyo siku ya moja ni Jumamosi, ambayo kwa maneno ya katekisimu ilikuwa siku ya saba. Na siku ya ufufuko, ambayo padri aliiita ya kwanza, ni ya pili.

Hitilafu hii ni rahisi kuipuuza. Watu huzoea majina ya siku upesi mno hata wakaacha kuisikia namba iliyomo ndani yake, na hakuna soko lililowahi kufungwa kwa sababu Jumapili si siku ya kwanza. Hata hivyo, kwa mtafiti wa historia ya Kiswahili, hitilafu kama hii ni sawa na kovu: huonyesha mahali ambapo vitu viwili viliunganishwa. Historia ya elimu ya misheni imezoea kuandikwa kutokana na sheria, mikutano na ruzuku. Historia ya usanifishaji wa Kiswahili nayo imezoea kuanzia mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928 na Kamati ya Lugha iliyoanza kazi mwaka 1930. Mtoto hakukutana na sheria wala na Kamati. Alikutana na Jumatatu, kengele ikilia, na mwalimu akimngoja mlangoni. Mhadhara huu unalifuata juma hilo la masomo, kwa hoja kwamba Kanisa lilipoleta juma lake Afrika ya Mashariki lilikuta Kiswahili kina juma tayari, na kwamba katika jambo hili la kugawa na kuhesabu wakati shule ya misheni ilikuwa mwanafunzi wa lugha kabla ya kuwa mwalimu wake.

Majuma mawili ya Bagamoyo

Abbé Amand Fava, aliyetoka kisiwa cha Réunion, alifika Unguja mwezi Desemba mwaka 1860. Mwaka 1863 kazi yake ilipokewa na Mapadre wa Shirika la Roho Mtakatifu, wakiongozwa na Antoine Horner, nao wakavuka hadi Bagamoyo na kufungua misheni mwaka 1868. Mwanzo wake ulikuwa mgumu. Kipindupindu kilipita katika mwambao baada ya muda mfupi, na mwezi Aprili mwaka 1872 kimbunga kikabomoa sehemu kubwa ya yale yaliyokwisha jengwa. Wanafunzi wa kwanza walikuwa watoto waliokombolewa utumwani. Wengi walitoka mbali, wengine pande za Ziwa Nyasa, na hawakuwa na lugha moja. Kiswahili hakikuwa lugha ya mama ya wengi wao, wala hakikuwa lugha ya mama ya mapadre wenyewe, ambao walikuwa Wafaransa. Kilikuwa lugha ya mji waliojikuta ndani yake.

Jambo hili lastahili kusisitizwa, kwa sababu mara nyingi husemwa kwamba wamisionari walichagua Kiswahili kama mtu achaguavyo chombo dukani. Pale Bagamoyo hapakuwa na uchaguzi mpana. Watoto wasioelewana wao kwa wao, na walimu wasioelewana na watoto, walikutana katika lugha ya jirani. Na wala watoto hao hawakuchagua kuwapo: walinunuliwa mara mbili, kwanza na mfanyabiashara, kisha na mkombozi, na mkombozi ndiye aliyewapangia siku zao. Asubuhi ilikuwa ya sala na Misa, kisha kazi na masomo, na kazi ya shamba haikuwa ndogo. Minazi ya misheni ilipandwa na mikono ya wanafunzi.

Mji wenyewe ulikuwa na shule zake kabla ya misheni. Mtoro bin Mwinyi Bakari, mzaliwa wa pande hizo za Bagamoyo, ambaye baadaye alifundisha Kiswahili mjini Berlin, ameeleza maisha ya mtoto chuoni katika kitabu cha Desturi za Wasuaheli kilichochapishwa mwaka 1903. Chuo cha Kurani kilikuwa na juma lake. Kwa desturi ya pwani mapumziko ya chuo yaliegemea Alhamisi na Ijumaa, na masomo mapya yakaanza Jumamosi. Hapo ndipo jina la siku lilipokuwa na maana yake kamili: Jumamosi ilikuwa ya moja kwa sababu ilifuata Ijumaa, siku ya mkutano wa sala, nayo ilifungua hesabu upya. Mtoto wa chuo aliyesema “Jumamosi” alisema kweli kwa lugha na kwa ratiba. Mtoto wa misheni, umbali wa mwendo mfupi tu kutoka hapo, alitumia neno lilelile kwa siku ya mwisho ya kazi.

Misheni ilirithi zaidi ya majina ya siku. Ukiyapanga maneno ya darasani, utaona ni machache ambayo padri aliyaleta mwenyewe. Mwalimu, kitabu, kalamu, karatasi na darasa yote yana asili ya Kiarabu, na yalikuwa yakitumika chuoni kabla hapajawa na ubao wala chaki Bagamoyo. Neno “shule” lenyewe lilitoka kwa Wajerumani, nalo likaenea pamoja na utawala wao. Unguja watu wakashika “skuli” badala yake. “Padri” lilikuwa limeachwa na Wareno karne nyingi nyuma. Hivyo shule ya Kikatoliki ilifungua milango yake ikiwa na msamiati uliotengenezwa kwa sehemu kubwa na shule ya Kiislamu, na kwa muda mrefu wasemaji wake hawakuona ajabu yoyote katika jambo hilo.

Siku ya tano mara mbili

Hapa hapana budi kutua kidogo juu ya majina yenyewe, maana ndani yake mna mambo ambayo wanafunzi wa lugha aghalabu huyapita.

Juma la Kiswahili lina hesabu mbili zilizoshonwa pamoja. Kuanzia Jumamosi hadi Jumatano msemaji huhesabu kwa namba za Kibantu, kutoka mosi hadi tano, akianzia siku inayofuata Ijumaa. Kisha huacha hesabu hiyo na kuchukua majina mawili ya Kiarabu, Alhamisi na Ijumaa. Sasa, Alhamisi katika Kiarabu ni “ya tano”, kwa kuwa Waarabu huanza kuhesabu siku za juma kwa Jumapili. Kwa hiyo Kiswahili kina siku mbili za tano zilizoketi bega kwa bega, Jumatano na Alhamisi, kila moja ikiwa ya tano kwa hesabu yake.

Padri naye alikuwa na hesabu yake mfukoni. Kitabu cha sala alichopaswa kukisoma kila siku kiliandikwa kwa Kilatini, na Kilatini cha Kanisa hakitumii majina ya miungu ya Kirumi kwa siku za juma. Huhesabu. Jumapili ni Dominica, siku ya Bwana. Jumatatu ni feria secunda, ya pili. Jumanne ni feria tertia. Jumatano ni feria quarta. Alhamisi ni feria quinta, ya tano. Ijumaa ni feria sexta. Na Jumamosi imebaki Sabbatum, kwa kumbukumbu ya Wayahudi. Siku ya Jumatatu, basi, mwalimu na wanafunzi waliingia darasani wakitamka “tatu”, hali kitabu cha padri kilisema “mbili”. Ilipofika Alhamisi, kitabu cha padri na jina la Kiarabu vilipatana: vyote viwili vilisema “tano”. Sababu yake si ya kificho, kwa kuwa Kanisa na Waarabu walipokea kuanza kwa Jumapili kutoka chanzo kimoja cha kale cha Mashariki ya Kati. Lakini ni jambo la kufikirisha kwamba katika shule ya Kikatoliki ya Kiswahili, siku pekee ambayo hesabu ya Kanisa ilisikika waziwazi katika kinywa cha mtoto ilikuwa siku yenye jina la Kiarabu.

Je, Kanisa lingeweza kubadili? Lingeweza, na mahali pengine hesabu nyingine ilishika. Katika Luganda Jumanne ni Lwakubiri, siku ya pili, na Jumamosi ni Lwamukaaga, ya sita; hesabu huanzia Jumatatu. Katika Kinyarwanda na Kirundi, katika nchi ambazo Mapadre Weupe walikuwa walimu wakuu wa shule kwa miongo mingi, Jumatatu ni siku ya kwanza na Jumanne ya pili. Kiswahili cha mashariki ya Kongo kimefuata njia hiyohiyo: Jumatatu husemwa siku ya kwanza, Jumanne siku ya pili, na kuendelea hadi siku ya tano, Jumamosi ni siku ya posho, na Jumapili ni siku ya Mungu au siku ya yenga. Mtu akisikiliza majina hayo anasikia historia nzima ya Kongo ya kikoloni: siku tano zilizohesabiwa kwa kazi, siku moja ya kupokea chakula cha juma, na siku moja ya misheni. Mkataba wa mwaka 1906 kati ya Dola Huru ya Kongo na Vatikani uliwapa Wakatoliki ardhi kwa sharti la kuendesha shule, na tangu hapo shule, kazi na Kanisa vilikwenda pamoja kwa namna ambayo Tanganyika haikuifahamu kwa kiwango hicho. Jumatatu moja, kwa hiyo, ilikuwa ya tatu Bagamoyo, ya kwanza Kirungu kando ya Ziwa Tanganyika upande wa Kongo, na ya pili katika kitabu cha sala cha padri wa mahali popote kati ya hapo.

Katika Tanganyika Kanisa liligusa siku moja tu. Liliweka neno “Dominika” kando ya Jumapili, nalo limedumu katika liturujia hadi leo, ingawa nyumbani na sokoni Mkatoliki husema Jumapili kama kila mtu. Siku nyingine zote zilichukuliwa kama zilivyo, hata zile takatifu kuliko zote. Siku ya kukumbuka mateso ya Kristo ikaitwa Ijumaa Kuu. Neno lililotaja mkutano wa Waislamu msikitini likapewa kivumishi na kuwekwa katikati ya Juma Kuu, na hakuna aliyeona kwamba limevuka mpaka. Wataalamu wa istilahi wanaosumbuka leo kutafuta maneno mapya yasiyo na historia wangefanya vyema kulitazama neno hilo.

Saa ya tatu, saa ya sita

Yaliyotokea kwa siku yalitokea kinyume kwa saa, na hapa padri alipata afueni asiyoitarajia.

Msemaji wa Kiswahili huanza kuhesabu saa za mchana jua linapochomoza. Mzungu aliyekuja na saa ya mfukoni ilimbidi ajifunze kuongeza au kutoa sita kila alipoulizwa wakati. Lakini padri, na zaidi mmonaki, alikuwa na hesabu ya pili ya kale isiyohitaji kutafsiriwa. Sala za Kanisa za mchana hutajwa kwa saa ya kwanza, ya tatu, ya sita na ya tisa, zikihesabiwa tangu mapambazuko kama walivyofanya watu wa kando ya Bahari ya Kati zama za Warumi. Wabenediktini walipofungua Peramiho mwaka 1898 walisali sala ya saa ya tatu, na mwanakijiji aliyewauliza wakati angejibiwa kwamba ni saa tatu. Kadhalika Injili inaposema kwamba Yesu alikata roho saa ya tisa, mwanafunzi wa Ulaya huhitaji maelezo pembeni mwa ukurasa. Mwanafunzi wa Songea hakuyahitaji. Alijua saa tisa ni wakati gani. Ilikuwa alasiri, jua likianza kushuka.

Kengele ya Malaika wa Bwana nayo ililia mara tatu kwa siku: asubuhi, adhuhuri na jioni, yaani saa kumi na mbili, saa sita na saa kumi na mbili tena, palepale ambapo Kiswahili kimeweka mafundo ya siku yake. Kwa watoto wa kijijini kengele hii ndiyo iliyokuwa saa ya shule. Wachache sana walikuwa na saa nyumbani.

Ndani ya juma

Shule zilizofuata Bagamoyo hazikuwa za aina moja. Mhonda ilifunguliwa mwaka 1877, na mwanzoni mwa miaka ya 1890 mapadre hao wa Roho Mtakatifu walikuwa wamefika Kilema, Kilimanjaro. Upande wa magharibi Mapadre Weupe walipokea kituo cha Karema mwaka 1885. Kusini walikuja Wabenediktini. Penye kituo cha misheni palikuwa na shule kubwa yenye madarasa. Vijijini palikuwa na banda la miti na nyasi, na katekista mmoja ambaye mara nyingi alijua kusoma kuliko alivyojua kuandika, na aliyefundisha siku chache tu za juma kwa kuwa alikuwa na shamba lake na wagonjwa wa kuwatembelea. Kiswahili kilimwita mwalimu, na wanakijiji hawakutofautisha kati ya mwalimu wa dini na mwalimu wa shule. Neno moja lilibeba kazi mbili, na mshahara mmoja mdogo.

Somo la kwanza la siku lilikuwa dini. Katekisimu ilifundishwa kwa swali na jibu: mwalimu akasoma swali, darasa likajibu kwa pamoja, na jibu likarudiwa hadi likakaa. Mbinu hii imelaumiwa sana, na kwa haki, maana mtoto aliweza kujibu maswali mengi bila kufahamu hata moja. Lakini mtaalamu wa lugha ana neno la kuongeza. Kwa watoto wengi wa bara, majibu ya katekisimu ndiyo sentensi ndefu za kwanza za Kiswahili walizowahi kuzitamka: sentensi zenye virejeshi, zenye “kwa sababu” na “ili”, zenye kutenda na kutendwa, zilizosemwa kwa ukamilifu bila kukatwa. Kiswahili cha sokoni hakikuwafundisha hayo. Mtu akishangaa ni vipi watu wa vijiji vya mbali na pwani waliweza baadaye kuandika barua rasmi na maombi ya kazi kwa Kiswahili sanifu, sehemu ya jibu imo katika maelfu ya asubuhi hizo za kuitikia kwa pamoja. Kabla ya kuamriwa, sarufi ilighaniwa.

Baada ya dini walisoma kwa silabi, wakiandika juu ya vibao kwa sababu karatasi ilikuwa ghali, kisha hesabu, kisha kuimba. Alasiri ilikuwa ya shamba, na wasichana, mahali penye masista, walipelekwa kushona. Siku za katikati ya juma zilifanana sana, na hakuna haja ya kuzieleza moja moja. Ijumaa ilikuwa tofauti kwa kuwa Wakatoliki hawakula nyama siku hiyo, na wakati wa Kwaresima wanafunzi walifuata Njia ya Msalaba. Mtoto wa Kiislamu aliyesomea shule ya misheni, na walikuwapo, alijikuta siku hiyo darasani wakati ambao baba yake alikuwa akielekea msikitini. Ratiba haikuwa na nafasi kwa ajili yake. Wazazi wengi wa pwani waliliona hilo, wakachagua kuwabakiza watoto wao chuoni. Na pengo la elimu lililotokana na uchaguzi huo limekuwa na uzito katika siasa za Tanzania hata baada ya uhuru.

Jumamosi ilikuwa ya kufagia kanisa na kuungama dhambi. Tangu amri ya Papa Pius wa Kumi ya mwaka 1910 iliyoruhusu watoto wa umri wa takribani miaka saba kupokea Komunyo, maandalizi ya sakramenti hiyo yalishuka hadi madarasa ya chini. Dominika walirudi tena, safari hii wakiwa wamevaa nguo safi, wakaimba kwa Kilatini. Juma la mtoto lilikuwa na lugha tatu: ile ya nyumbani, aliyoombea chakula, Kiswahili, alichosomea, na Kilatini, alichoimbia bila kukielewa, hadi Mtaguso wa Pili wa Vatikani ulipofungua mlango wa lugha za watu katika Misa kuanzia mwaka 1963. Misa ilipokuja kutafsiriwa, Kiswahili chake hakikuwa kigeni masikioni mwa waamini. Walikuwa wamekisikia darasani maisha yao yote.

Mlima mmoja

Isidhaniwe kwamba Wakatoliki wote walikubaliana juu ya Kiswahili. Mapadre Weupe waliandika na kufundisha sana katika lugha za wenyeji wa kandokando ya maziwa, na wengine waliona Kiswahili ni mlango wa Uislamu. Tofauti iliyo wazi kuliko zote ilikuwa Kilimanjaro. Walutheri wa Leipzig, na hasa Bruno Gutmann aliyeanza kazi huko mwaka 1902, walishikilia kwamba Mchaga afundishwe kwa Kichaga, kwa kuwa lugha ni mzizi wa jamii yenyewe. Wakatoliki wa mlima huohuo, walimu wao wa mwanzo wakiwa wametoka Bagamoyo, walifundisha kwa Kiswahili. Watoto wa koo zilizopakana walikwenda shule mbili, wakajifunza kusoma kwa lugha mbili.

Ni nani aliyekuwa sahihi? Aliyesoma kwa Kichaga alisoma kwa lugha aliyoiota usiku, na kila anayependa lugha za Afrika hana budi kumheshimu Gutmann kwa hilo. Aliyesoma kwa Kiswahili aliweza kusoma gazeti la Dar es Salaam. Serikali ya Waingereza ilipotunga sheria ya elimu ya mwaka 1927 na kutoa ruzuku kwa shule zilizofuata masharti yake, ilikuwa imekwisha pendelea Kiswahili katika madarasa ya chini, nayo ikawafaidi waliokuwa tayari. Mwaka uliofuata, 1928, Monsinyori Arthur Hinsley, aliyetumwa na Vatikani, aliwahimiza maaskofu na mapadre waliokusanyika Dar es Salaam kuweka shule mbele hata ya majengo ya ibada pale ambapo nguvu hazikutosha kwa yote mawili. Wakaguzi wakaanza kufika. Kusoma, kuandika na hesabu vikapata saa zao zilizohesabiwa, na dini ikawa kipindi miongoni mwa vipindi. Kwa katekista mzee asiye na cheti huo ulikuwa mwisho wa kazi yake ya darasani, ingawa ndiye aliyelijenga banda.

Charles Sacleux, padri wa shirika lilelile la Bagamoyo, alifika Afrika ya Mashariki mwaka 1879. Kamusi yake kubwa ya Kiswahili na Kifaransa ilichapishwa Paris mwaka 1939, mwaka uleule ilipotoka kamusi sanifu ya Kamati iliyosimamiwa na Frederick Johnson. Ya Johnson ilichagua Kiunguja na kuacha mengine. Ya Sacleux ilikusanya lahaja kwa lahaja, neno la Kimvita na la Kingazija likikaa pamoja na la Kimrima. Shule za Kikatoliki zilifundisha Kiswahili cha Johnson, kwa sababu mitihani ilitaka hivyo. Kamusi ya padri wao ilibaki kwa watafiti.

Baada ya 1970

Julius Nyerere alifundisha katika shule ya Mtakatifu Maria, Tabora, kuanzia mwaka 1946 hadi 1949, na baadaye Pugu kuanzia mwaka 1953 hadi 1955, na alilijua juma la shule ya misheni kutoka upande wa meza ya mwalimu. Elimu ya Kujitegemea, aliyoitangaza mwaka 1967, ilirudisha shamba katika ratiba ya kila shule. Watu wazima waliolima minazi, kahawa au mahindi ya mapadre walikuwa na sababu ya kutabasamu waliposikia kwamba jambo hilo ni jipya. Mwaka huohuo Kiswahili kilithibitishwa kuwa lugha ya elimu ya msingi yote, na kwa Sheria ya Elimu ya mwaka 1969 shule zilizokuwa za makanisa zikaingia mikononi mwa serikali kuanzia mwaka 1970. Kengele zilibaki palepale. Dini ikabaki kipindi, kila madhehebu na mwalimu wake, na watoto wa Kiislamu na wa Kikristo wakagawanyika kwa saa moja kisha wakarudi kuketi pamoja.

Makanisa yaliporuhusiwa tena kuendesha shule za msingi, hasa tangu miaka ya 1990, shule nyingi za Kikatoliki zilizofunguliwa zilichukua Kiingereza kuwa lugha ya kufundishia. Wazazi ndivyo walivyotaka, na walilipa karo kwa sababu hiyo. Katika shule za namna hiyo Kiswahili ni somo moja, nacho kina vipindi vyake vichache kwa juma, kama dini ilivyokuwa zamani. Ubaoni asubuhi huandikwa jina la siku kwa Kiingereza, jina la mungu wa kale wa Ulaya ya Kaskazini au la mwezi, lisilo na namba ndani yake. Mtoto hanakili “tatu” wala “mbili”. Ijumaa anaporudi nyumbani huulizwa kwa Kiswahili kama ana kazi ya kufanya Jumamosi, na Dominika anasikia kanisani siku ikitajwa kwa jina ambalo mapadre walilichukua katika kitabu chao cha Kilatini.